Samatta, Mputu, Mayele: ekipe iuzishe nyota yake ao imushike?

Wandugu, kila mara soko la wachezaji likifunguka tunarudia ugomvi ule ule. Mshambuliaji wa ekipe amefunga magoli mengi, ekipe moja ya inje imetuma barua, na hapo hapo mashabiki wanagawanyika. Wa kwanza wanasema: « Muuzishe, makuta iingie. » Wa pili wanajibu: « Yeye akienda, sisi tumekufa. » Usiku kucha watu wanatukanana kwenye simu, na kesho yake hakuna mwenye kujifunza kitu.

Mimi niko upande wa wenye kusema auzishwe. Lakini si kwa ile sababu tunasikiaka kila siku, eti makuta ni makuta. Nafikiri hivi: ekipe inayolia kwamba nyota yake isiondoke, mara nyingi inalilia uvivu wake yenyewe. Haikutayarisha mwingine, haikuangalia tarehe ya kontra, na sasa inataka kijana moja alipe deni la komite nzima. Nitaleta mifano mitatu tunayoijua wote, kisha nitajibu wale wenye kunipinga, maana nao wana hoja.

Tuanze na Mbwana Samatta. Mwaka 2011 TP Mazembe ilikutana na Simba ya Dar es Salaam katika Ligi ya Mabingwa ya Afrika. Samatta alikuwa kijana wa miaka 18 katika ile Simba. Mwaka ule ule Mazembe ikamuleta Lubumbashi. Hakuja akiwa nyota, alikuja kulelewa. Kulikuwa Trésor Mputu mbele yake, kulikuwa Wazambia na Waghana wenye kujua kazi, na yeye akakaa, akangoja, akakomaa. Miaka minne baadaye, fainali ya 2015 juu ya USM Alger: tarehe 31 Oktoba Mazembe ilishinda 2-1 kule Algiers, tarehe 8 Novemba ikashinda 2-0 pale Kamalondo. Samatta alifunga katika michezo yote miwili. Alimaliza mashindano na magoli 7, sawa na mfungaji bora mwenzake. Ilikuwa kombe la tano la Mazembe katika mashindano hayo, baada ya 1967, 1968, 2009 na 2010.

Januari 2016, kule Abuja, CAF ikamuchagua mchezaji bora wa mwaka kati ya wenye kucheza ndani ya Afrika. Kabla mwezi haujaisha alikuwa amesaini Genk ya Ubelgiji. Mnakumbuka maneno ya wakati ule: « Tumemulea, sasa anatutoroka. » « Mazembe imekwisha. »

Sasa tuangalie kile kilichofuata, siyo kile tuliogopa. Februari 2016, Mazembe bila Samatta ilichukua Kombe la Super la Afrika mbele ya Étoile du Sahel, 2-1, na magoli yote mawili yalifungwa na Mghana Daniel Adjei. Halafu ikatolewa na Wydad ya Casablanca katika Ligi ya Mabingwa. Hiyo ni kweli, iliuma, na wengi walisema: « Munaona? » Lakini ikaingia Kombe la Shirikisho na ikalichukua, ikipiga MO Béjaïa 4-1 katika mchezo wa mwisho hapa nyumbani, Novemba 2016. Mwaka 2017 ikalichukua tena, juu ya SuperSport United ya Afrika Kusini. Makombe matatu ya Afrika ndani ya miaka miwili, mshambuliaji mkubwa akiwa amekwisha kwenda. Ile njo ekipe iliyokufa?

Juu ya nini haikufa? Kwa sababu magoli ya 2015 hayakuwa ya mtu moja. Katika ile fainali, Rainford Kalaba alifunga kule Algiers na Roger Assalé alifunga Lubumbashi. Samatta alikuwa ncha ya mkuki, lakini mkuki wenyewe ulikuwa na mti wake. Ncha ikitoka, unafunga ingine. Mti ukivunjika, hata ncha ya zahabu haitakusaidia.

Najua jibu la wenye kunipinga, na si jibu dogo: « Tangu Samatta aende, Mazembe haijachukua tena Ligi ya Mabingwa. » Ni kweli. Imefika nusu-fainali 2019 na 2024, ikakwama pale. Lakini tusidanganyane: si Samatta peke yake alitoka. Kocha Patrice Carteron, mwenye kushinda lile kombe, aliondoka vilevile mwanzoni mwa 2016. Thomas Ulimwengu na Assalé walifuata. Na Mei 2016 mwenye ekipe, Moïse Katumbi, alitoka inchini kwa sababu za siasa, akarudi Mei 2019 tu. Ukiondoa kocha, mwenye kulipa na washambuliaji watatu ndani ya mwaka moja na kidogo, kisha ukasema kosa ni kumuuzisha moja, wewe unatafuta mtu wa kulaumu, hautafuti sababu.

Mfano wa pili ni ule wa mwenye kubaki: Trésor Mputu. Wale wenye kumuona 2009 hawahitaji maelezo. Machi mwaka ule aliongoza Leopards kuchukua CHAN ya kwanza kabisa, kule Abidjan, na akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano. Mwisho wa mwaka akachukua Ligi ya Mabingwa na Mazembe, na CAF ikamupa ile zawadi ambayo Samatta aliipata baadaye. Alikuwa na miaka 24. Aliwahi kufanya majaribio Arsenal. Mpira wake ulikuwa wa Ulaya, kila mtu alisema hivyo. Lakini hakucheza hata msimu moja katika ligi kubwa za Ulaya. Mwaka 2010, baada ya fujo kwenye mchezo kule Kigali, FIFA ilimufungia miezi 12. Alipotoka Lubumbashi mwaka 2014, alienda Kabuscorp ya Angola.

Sitasema nani alimuzuia na nani alikataa. Katika mambo ya namna hii kila mtu ana hadisi yake. Nasema tu kile kinachoonekana. Mwaka 2009 Mputu alikuwa na bei ambayo hakuwa nayo tena kamwe. Kifungo kimoja, goti moja, kocha moja asiyekupenda, na bei inashuka. Wahenga walisema akiba haiozi. Miguu ya mshambuliaji inaoza.

Na hapa kuna jambo tunalosahauka. Desemba 2010, Mazembe ilienda Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la Klabu bila Mputu, maana alikuwa kifungoni. Ikapiga Pachuca ya Mexico 1-0. Ikapiga Internacional ya Brazili 2-0, magoli ya Kabangu na Kaluyituka. Ikafika fainali mbele ya Inter Milan, ekipe ya kwanza ya Afrika kufika pale. Tulipigwa 3-0, sawa. Lakini siku kubwa kuliko zote katika maisha ya ekipe hii, siku dunia nzima ilimuangalia Kidiaba akiruka na matako yake chini, ilikuja wakati mchezaji wetu mkubwa hakuwa uwanjani. Kama kuna mtu bado anasema ekipe ni mtu moja, amwambie hivyo Kidiaba.

Je, Mazembe ingemuuzisha Mputu mwisho wa 2009? Mimi nasema ndiyo. Ekipe ingepata makuta ya kweli, yeye angepata Ulaya, na sisi tungefika Abu Dhabi vilevile, kwa sababu tulifika bila yeye.

Mfano wa tatu unatoka Kinshasa na kupita Dar es Salaam. Miaka kumi baada ya Samatta kutoka Dar kuja kwetu, Fiston Mayele alitoka AS Vita Club kwenda Yanga, mwaka 2021. Barabara ile ile, lakini gari linarudi. Wakati huo huo Djuma Shabani naye alitoka Vita kwenda Yanga, na kocha Florent Ibenge akaenda Berkane, Moroko. Mwaka moja mbele, Tuisila Kisinda na Mukoko Tonombe walikuwa wamekwisha kutangulia Dar. Vita ilikuwa bingwa wa Kongo 2021. Ubingwa wa 2022 na ule wa 2024 ulienda Mazembe.

Yanga wao walivuna. Msimu wa 2022-2023 Mayele alifunga magoli 17 katika ligi ya Tanzania na 7 katika Kombe la Shirikisho, mfungaji bora wa Afrika katika lile kombe. Katika fainali, Yanga ilipigwa 2-1 nyumbani na kushinda 1-0 kule Algiers, ikapoteza kombe kwa kanuni ya magoli ya ugenini. Magoli yote mawili ya Yanga katika fainali ile yalifungwa na Wakongomani: Mayele na Djuma. Na adui alikuwa nani? USM Alger, wale wale wa 2015.

Baada ya hapo, Yanga ilifanya nini na nyota yake? Ilimuuzisha. Pyramids ya Misri ilimuchukua 2023, akiwa juu kabisa. Wananchi walilia, kama sisi tulivyolia. Mshambuliaji aliyeletwa kushika nafasi yake hakuwa Mayele, na mtu yeyote mwenye macho aliona. Lakini magoli yalitoka mahali pengine: Stephane Aziz Ki, mchezaji wa katikati, alifunga 21 katika ligi na kuwa mfungaji bora. Maxi Nzengeli, Mkongomani aliyetoka Maniema Union, naye akaongeza yake. Yanga ikabaki bingwa 2024, na ikafika robo-fainali ya Ligi ya Mabingwa, ikatolewa na Mamelodi Sundowns kwa penalti tu. Na Mayele? Tarehe 1 Juni 2025, kule Cairo, alifunga katika fainali ya Ligi ya Mabingwa, Pyramids ikachukua kombe lake la kwanza. Aliyeuzisha alibaki bingwa, aliyenunua akawa bingwa wa Afrika, na mwana wa Mbuji-Mayi akapata medali ambayo Linafoot isingeweza kumupa.

Hapa ndipo natofautisha mambo mawili ambayo tunayachanganyaka. Kuna kuuzisha, na kuna kupoteza. Yanga iliuzisha mtu moja, ikajua nani atafuata. Vita ilipoteza wanne na kocha wao ndani ya miaka miwili, kama nyumba inayouzisha mabati ya paa kwa kununua mkate. Makuta inaweza kuwa ile ile mkononi, lakini mvua ikinyesha utaona tofauti.

Ngoja niseme kidogo juu ya kanuni, kwa sababu njo pale ekipe zetu zinaibiwa mchana, na wezi wengine tunawapikia chakula wenyewe.

Kanuni za FIFA zinasema hivi: mchezaji akibakiza miezi sita katika kontra yake, anaweza kusaini na ekipe ingine bila kuomba ruhusa kwenu. Kontra ikiisha, anaenda bure. Kwa hiyo yule shabiki mwenye kusema « tumushike tu, asiende », anafaa kujibu swali moja: umushike na nini? Kama kontra inabakiza mwaka moja, bei inashuka kila mwezi. Ikibakiza miezi sita, haumushike tena, unamusindikiza. Samatta mwenyewe alipoenda Genk, kontra yake na Mazembe ilikuwa imebakiza miezi michache. Kusema « tusimuuzishe » wakati ule ilikuwa kusema « tumupe bure ». Lawama yangu kwa Mazembe iko pale, na haiko kwa kumuachilia: mchezaji kama yule alifaa kuuzishwa ao kusaini upya mwaka moja mbele, wakati meza ilikuwa bado yetu.

Kanuni ya pili ni ile ya mshikamano. Mchezaji akiuzishwa kutoka inchi moja kwenda ingine kontra yake ikiwa haijaisha, asilimia 5 ya bei inakatwa na kugawanywa kwa ekipe zote zilizomulea kati ya miaka 12 na 23. Piga hesabu: kwa kila milioni moja ya euro, zinakatwa elfu 50. Kila mwaka kati ya 12 na 15 unapata sehemu 5 kwa mia ya hizo elfu 50. Kila mwaka kati ya 16 na 23 unapata sehemu 10 kwa mia. Ekipe iliyokaa na kijana tangu miaka 16 mpaka 20 ina haki ya elfu 25 kwa kila milioni. Na si mara moja. Akiuzishwa tena kesho, haki inarudi tena. Samatta alipotoka Genk kwenda Aston Villa, Januari 2020, kanuni hii iligusa kila ekipe iliyomulea.

Lakini haki hiyo inaomba kitu ambacho ekipe zetu nyingi hazina: karatasi. Licence ya kijana ya kila msimu, tarehe ya kuandikishwa, kontra yenye sahihi, mtu mwenye kuandika barua na kufuata. Ekipe ya mtaa inayolea watoto kumi, kisha haina hata daftari moja, imejinyima yenyewe. Na hapa nawaangalia ninyi, wenye kusoma sheria, hesabu na uongozi wa kazi, ambao kila siku mnaniuliza « tufanye kazi gani na diploma hii? » Katika mtaa wako kuna ekipe inayolea mtu ambaye siku moja atauzishwa, na hakuna mtu anaandika tarehe yake ya kuzaliwa mahali popote. Sisemi watakulipa kesho. Nasema ile kazi iko, na hakuna mwenye kuifanya.

Nirudi kwa mchezaji mwenyewe, maana tunaongea juu yake kama gunia la makala. Mshambuliaji ana miaka kumi ya kazi, ikiwa Mungu amemusaidia. Ligi yetu inasimama mara kwa mara. Msimu wa 2022-2023 haukufika hata mwisho. Kumwambia mtu wa namna hiyo « ubaki kwa upendo wa rangi » ni kumuomba atoe kile sisi wenyewe hatutoi. Wangapi katika sisi, wakipata kazi Lusaka, Kigali ao Johannesburg, watakataa kwa upendo wa mtaa? Tunafunga sanduku usiku ule ule, na mama anatuombea. Mchezaji akifanya hivyo, tunamuita msaliti.

Hata hivyo sikubaliani na wale wenye kutaka kuuzisha kila mtu anayefunga magoli matatu. Kijana wa miaka 18 akipelekwa Ulaya na wakala mwenye haraka, mara nyingi anarudi na sanduku tupu, na ekipe imekula makuta kidogo sana. Samatta alikaa Lubumbashi karibu miaka mitano. Alitoka akiwa mtu mzima, mwenye kombe, mwenye zawadi. Ndiyo maana aliweza kubeba Genk mpaka ubingwa wa Ubelgiji 2019, akafunga Anfield mbele ya Liverpool, akafunga Wembley mbele ya Manchester City. Angetoka 2012, nafikiri tusingesikia jina lake.

Basi, mara ingine barua ikifika na ugomvi ukianza, naomba tuache « muuzishe » na « tumekufa », tuulize mambo matatu. Kontra inabakiza muda gani? Nani leo, siyo kesho, anaingia uwanjani akiumia yule nyota? Na makuta itaenda wapi: kwa shule ya vijana, ao kwa mifuko ya watu wa komite? Ekipe yenye majibu matatu iuzishe, tena bila machozi. Ekipe isiyo na majibu inaweza kumushika mchezaji wake mwaka huu na ujao, itamupoteza tu, na hapo haitakuwa na mchezaji wala makuta.

Sasa ninyi. Bana-Mazembe, bana-Lupopo, bana-Vita, wote: mshambuliaji wenu namba mbili anaitwa nani? Andikeni jina lake hapa chini. Ukichukua zaidi ya dakika moja kulikumbuka, umekwisha kunijibu.